Aliyekataa Kumpiga Kisirani

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, na wadogo zangu wamenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Taratibu.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1979 akaajiriwa na kampuni ya ulinzi kufundisha mbwa. Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu.

Mkuu wake kazini alikuwa Bakora, ambaye yupo hapa, karibu na mlango, msigeuke. Mwaka 1996 Bakora alimchapa mnyororo mbwa jike aitwaye Kisirani, mpaka mbwa huyo akamng'ata mlinzi, kisha Bakora akamsingizia baba kwamba amewadekeza mbwa, baba akafukuzwa kazi, na Kisirani akahukumiwa kupigwa risasi. Baba alimwombea uhai, akaja naye nyumbani.

Mwanzoni Kisirani hakutoka chini ya cherehani, naye baba alikaa sakafuni, akimtupia kipande cha nyama kila alipothubutu kunyoosha shingo, na mbwa akikosea, baba hakufoka, alimrudisha kwenye lile analoliweza, akamsifu, "Vizuri, mama," akaacha kabla hajachoka. Nilimuuliza hasira zake anazipeleka wapi, akasema, "Mimi namfundisha mbwa. Yule bwana dunia itamfunza."

Na ilimfunza. Kile kiwanda cha sabuni kilipotafuta walinzi wapya wenye mbwa, baba naye aliomba, mbwa wakajaribiwa uwanjani mbele ya meneja, wa Bakora wakajikojolea bwana wao aliponyanyua mkono tu, Kisirani akafuata kila ishara mkia juu, kazi ikawa ya baba, na Bakora akaachishwa yake. Baadaye alikuja kuomba ajira, baba akamjibu kwa upole, "Karibu. Utaosha mabanda, mbwa wakikuzoea tutazungumza." Hawakumzoea.

Mwaka 2019 baba alianza kuugua figo, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake. Baba alituusia tumsamehe Bakora, na kwa heshima ya baba tumempa kiti, mkono wangu sitampa.

Pumzika, baba, kwa amani uliyoishi nayo, hayo mengine tuachie sisi.