Herufi Nene za Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji wetu, wanakamati wa zahanati, wageni mliotoka Kericho asubuhi na mapema, akina mama wa Silibwet, nanyi wachuma chai mlioombewa ruhusa ya nusu siku: chamgei! Mimi ni Sista Sellah Chepkorir, mkunga wenu tangu mwaka wa themanini na sita.

Kabla utepe haujakatwa, tazameni hilo bango. UZAZI. Neno moja tu. Herufi zimeshiba, mbavu hazionekani. Hata Z, yenye pembe za kuchoma, mchoraji wetu, Mzee Osoro, ameiviringa utadhani aliogopa itamkwaruza mtoto. Mweka hazina wetu, Bwana Kiplimo, alilalamika kwamba zinakula rangi kuliko ukuta. Pole, Bwana Kiplimo, zimeshakula.

Je, mnalikumbuka bango la kwanza, lile la zahanati? Nililichagua mimi. Nilitaka herufi nyembamba, zilizolala upande, zenye mikia, kama za kadi ya arusi. Nikataka na majina yote ya wafadhili. Mzee Osoro akaniambia, "Sista, hiyo ni ya mtu ameketi. Mwenye uchungu anasoma akitembea." Nikamwambia achore alichoagizwa. Akachora.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Phelis Bitutu alikuwa na wiki moja tu hapa, amekuja kuchuma chai. Ameniruhusu niyaseme haya. Uchungu ulimshika asubuhi, ukungu umefunika barabara. Kusoma anajua, alipitia ngumbaru, masomo ya watu wazima. Lakini kwenye bango letu aliona mistari tu, akadhani ni ofisi ya mtu, akapita. Alijifungulia karibu na daraja, peke yake, na binti yake hakuishi.

Watu walimlaumu mchoraji. Mzee Osoro aliinamisha kichwa, wala hakunitaja.

Tulipojenga wodi hii, alimwomba Phelis asimame barabarani asubuhi tatu za ukungu. Yeye ukutani na chaki, Phelis kule. Ananenepesha herufi, anauliza, "Unaona?" "Bado." Siku ya tatu Phelis akaita, "Sasa naona, mzee! Wacha hapo hapo!" Angezidisha kidogo, tundu la A lingeziba.

Sisemi kila kitu kiandikwe hivi. Kadi ya kliniki ikinenepeshwa, jina la mtoto litakosa pa kukaa. Lakini neno ambalo mtu analitafuta akiwa na hofu, kwa nini tulinyime mwili?

Phelis, haya ya mwisho hukuyajua. Mzee huyu alinionya, nami nilikataa kusikia, kisha nikanyamaza mwaka mzima alipokuwa akilaumiwa kwa ajili yangu. Niliogopa kuaibika nikiwa na sare hii. Nakuomba msamaha mbele ya watu. Usinijibu leo, na hata usiponijibu kamwe, sitakudai. Mkasi huu si wa Chifu, naye amekubali, ni wako. Njoo utukatie utepe, mama.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.