Binti Yangu Alilala Ameketi

Nawasalimu wapendwa, kwa jina linalotukusanya hapa kila Jumapili. Wazee wangu, shikamooni. Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda huu tangu Kwaresima, nami nikawa namkwepa. Mara gari bovu, mara koo linauma. Leo kanikalisha benchi la mbele nisipate pa kutorokea. Mimi si mtu wa kipaza sauti. Naendesha boza la maji, mnanijua, wengi wenu nimewajazia matangi. Nikikosea kusema mnivumilie, na nikilia msinipigie makofi. Niacheni nilie, nikimaliza nitaendelea.

Mke wangu mlimzika ninyi. Aliondoka mwezi wa tisa, akaniachia binti wa miaka sita, mtoto wetu wa pekee. Januari binti akaanza darasa la kwanza.

Sasa kazi ya boza mnaijua. Saa kumi alfajiri niko kwenye foleni kisimani, maana mafundi wanaojenga kule Msalato hawamsubiri mtu. Kwa hiyo mtoto nilimwamsha usiku usiku, nikamvisha sare, nikampeleka kwa jirani akisinzia begani. Jirani naye ana wanne wake. Shule ikitoka mtoto anarudi nyumbani, mlango una kufuli, anakaa ngazini kunisubiri. Siku moja nilirudi jioni nikamkuta kalalia begi lake, midomo imekauka, hajatia kitu tumboni tangu uji wa asubuhi.

Akina mama wa kanisa hili wakaniita. Wakasema, "Baba, peke yako hutaweza. Tukutafutie mama wa kukaa humo ndani, alale na mtoto, amwandae, ampeleke shule na kumpokea." Wakamleta mama mmoja wa Hombolo, mjane, makamo ya mama yangu mdogo. Alikuja na kifurushi cha kanga na mfuko wa mlenda mkavu.

Siku tatu tu, jamani! Siku tatu, na nikirudi namkuta mtoto kaogeshwa, kapakwa mafuta, anamsimulia Bibi, ndivyo alivyomwita yule mama, habari za shule mpaka ugali unapoa. Nilikuwa sijaisikia sauti yake kwa urefu ule tangu msiba.

Siku ya nne, pale kwenye foleni, dereva mwenzangu akanicheka. "Aisee, umeshaweka mwingine ndani? Kaburi halijakauka!" Nikacheka naye, lakini moyoni nimechomwa. Jioni nikayasikia hayo hayo kwa mtu wa humu humu kanisani. Simtaji. Yupo, ananisikia, na nimeshamsamehe. Tena kosa si lake. Mdomo wa mtu haufungwi. Masikio yangu ndiyo ningeweza kuyaziba, nami sikuyaziba.

Nikamwambia yule mama, "Mama, naomba urudi kwako." Hakuniuliza kwa nini. Alikunja kanga zake, akatoka. Binti yangu alishika upindo wa kanga yake hadi kituoni, hataki kuachia. Nikambandua vidole kimoja kimoja. Kimoja kimoja, ndugu zangu, na mikono hii hii.

Wiki iliyofuata nikampeleka bweni. Shule yenyewe siitaji, iko mbali na hapa. Na watu wakanisifu! "Huyu mzazi anajali elimu." Wale wale walionisema juu ya mama wa watu, sasa wananipa mkono. Nami nikavimba kichwa. Siku za wazazi kutembelea nilimkuta kasimama wima, soksi nyeupe, "Shikamoo baba," kila swali anajibu "Ndiyo, baba." Nikadhani ndiyo adabu. Likizo ya Juni shule ikasema watoto wabaki kwa masomo ya ziada, nikakubali haraka haraka. Mungu anisamehe.

Basi akarudi Desemba. Nikiingia ndani anasimama. Akitaka kwenda chooni ananyoosha mkono. Asubuhi nikichungulia chumbani kwake, shuka limenyooka kama halijaguswa, nami nasema moyoni, loo, mwanangu kawa nadhifu.

Siku moja boza liliharibika, nikarudi mchana. Nikamkuta amelala. Hakuwa kitandani. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, magoti kayakumbatia, shingo imeinama. Nikamgusa, akaruka akasimama wima.

Nikamwuliza, "Mwanangu, kitanda unacho. Kwa nini unalala hivyo?"

Akasema, "Nikilala chali nitakojoa."

"Ukikojoa ndiyo nini sasa?"

"Nitatwishwa godoro nizunguke nalo uwanjani, na wenzangu wanaimba."

Nikamwuliza, tangu lini analala ameketi. Akasema, "Tangu nilipozoea."

Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka nje nikaketi chini kwenye tairi la lile boza, nikalia kuliko nilivyolia msibani. Mke wangu alichukuliwa na ugonjwa. Mtoto nilimtoa mwenyewe.

Kesho yake nikamchukua, tukaenda Hombolo. Tukamkuta yule mama shambani, mtama umefika magotini na majani yanaufukuzia. Alimtazama mtoto, akasema, "Mbona amekwisha hivi?" Nikasema, "Mama, nilikukosea. Nisamehe, urudi."

Hakuacha jembe. Akasema, "Nimekusamehe, baba. Ila shamba halijui habari hizo. Mvua yetu ni hii moja tu. Nikiliacha sasa, mwaka mzima nile nini?"

Kweli tupu. Hapa kwetu shule zinafunguliwa wakati huo huo mvua inapotaka watu shambani, ndiyo maana akina dada wa kazi wengi hutuaga Januari, nasi tunawaita hawana shukrani! Nikamwambia, "Nipe jembe." Akacheka. "Wewe? Na hiyo mikono ya usukani?"

Nikaomba ruhusa kazini, nikalima. Siku ya pili malengelenge yalipasuka, mpini ukawa na damu. Siku ya tatu nikaona wanaume wawili wa kanisa hili wanakuja na majembe yao. Nani aliwaambia, sijui mpaka leo. Hawakunihubiria, waliingia mstarini wakalima. Tukamaliza palizi siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, na yule mama akafunga kanga zake.

Safari hii sikumwingiza kwa kuibia. Nilimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, nikamleta kwa Mchungaji, nikasema, huyu ndiye anayenisaidia kulea. Tukapatana waziwazi: kipindi cha shule yuko kwangu, analala chumba kimoja na mtoto, mshahara wake haungoji, likizo anakwenda kwake. Na palizi ikifika, Jumamosi sote tunakwenda Hombolo.

Mtoto akaanza darasa la pili hapa hapa Ipagala, shule ya kutwa. Bibi hajui kusoma. Lakini kila jioni anakaa na mchele wake kwenye ungo na kusema, "Soma nisikie." Mtoto akikwama, Bibi anamwambia, "Basi rudia, sikuelewa vizuri." Mimi nilikuwa nafikiri wa kumsaidia mtoto masomo ni lazima awe na vyeti!

Kulala je? Bibi hakumlazimisha. Mtoto akiketi ukutani, naye anaketi pembeni yake, mzee wa watu, mgongo unamuuma. Ikapita wiki, mtoto akaanza kumwegemea. Kisha akawa analala mapajani pake. Kisha mkekani. Mwezi wa tatu akapanda kitandani.

Jumapili moja asubuhi nikamsikia Bibi akibembeleza chumbani. Nikaenda. Godoro limelowa, mtoto kajibanza nyuma ya mlango, na Bibi anamwita kwa upole, hatoki. Nikalichukua lile godoro, nikajitwika mwenyewe kichwani, nikatoka nalo hadi uani, nikaizunguka nyumba nikiimba pambio. Majirani wakatoka. Mmoja akapaza sauti, "Kulikoni, baba? Nani kakojoa?"

Nikamwambia, "Mimi."

Nyuma yangu nikasikia mtoto anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo. Bibi kajifunika kanga usoni, naye analia. Ndiyo siku ile nilichelewa ibada, Mchungaji, ukaniuliza sikukujibu.

Msidhani yote yamepona. Yuko darasa la nne sasa, na akisikia filimbi, kama ile ya bweni, bado anasimama. Utoto wa ule mwaka haurudi. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo ninaishi naye nyumba moja.

Nawashukuru akina mama mlionishauri, nikawadharau. Nawashukuru wale wawili wa majembe. Na yule mama wa Hombolo, ambaye leo hayupo, yuko kwake anavuna, sina neno linalomtosha. Kwenu wazazi wenzangu, nasema hivi: mkimpata mtu wa kukaa na watoto wenu kipindi cha shule, mheshimuni kama ndugu, na shamba lake liwe shida yenu. Na umbea usiwapangie nani alale chini ya paa lenu.

Jambo la mwisho. Juzi binti yangu aliniuliza, "Baba, kwa nini siku ile ulimfukuza Bibi, ukanipeleka mimi bweni?" Nikajifanya natafuta funguo za gari. Yuko hapo nje na wenzake wa shule ya Jumapili. Nikitoka hapa nitamshika mkono, nitamjibu: mwanangu, niliwaogopa watu kuliko nilivyokupenda. Niombeeni nipate nguvu ya kulisema hilo mbele yake.