Nilikuwa Naonja Tu

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu na watoto, hamjambo? Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, wewe unanifahamu vizuri, nitajitahidi.

Wengi wenu hapa Kanoni mnanijua kwa rubisi yangu, ile pombe ya ndizi. Msicheke, nawaona mnaangaliana. Harusi ngapi za watoto wenu nimezipikia? Mzee wangu, mume wangu, ndiye aliyekuwa anakanyaga ndizi na nyasi ndani ya mtumbwi, lile gogo la kuchongwa aliloniachia mama yangu. Mimi nachuja ile juisi tamu, mramba, natia mtama uliokaangwa, nafunika na majani ya mgomba. Na kazi yangu kubwa ilikuwa kuonja.

Nawaambieni ukweli, ndugu zangu, mimi sikuwahi kujiita mnywaji. Mnywaji ni yule anayekaa kilabuni na mrija wake mpaka anaimba. Mimi nilikuwa naonja. Naonja mramba nijue utamu wake. Nikitia mtama naonja. Alfajiri nafunua majani, naonja kama imeumuka. Mteja akifika naonja mbele yake, kwa sababu kwetu sisi mwenye pombe asipotangulia kuonja, mgeni haigusi. Wateja wakiwa ishirini, ninaonja mara ishirini. Watu walikuwa wanatoka mpaka Ihanda na vidumu vyao kwenye baiskeli, eti mama, tuonjee hii, imeiva? Nilijisikia mtu wa maana sana. Nilikuwa nawacheka walevi, kumbe nawacheka wenzangu.

Halafu ulimi ukazoea. Rubisi ikawa kama maji. Mtu mmoja aliyekuwa anapika gongo akaniletea yake, nionje kama imetoka vizuri. Ilikuwa imetoka vizuri. Nikamwambia aniletee tena kesho nihakikishe. Mawe, mama yangu! Mtu anajua kujidanganya. Mwisho nilikuwa na chupa ya chai jikoni, ile ya maua mekundu, na ndani yake hapakuwa na chai. Mikono ilianza kutetemeka asubuhi. Nikipata vikombe viwili inatulia, naenda kuvuna kahawa na wenzangu, naongea, nacheka. Nikasema ni uzee. Nilikuwa na miaka arobaini na nane.

Binti yangu akajifungua mtoto wake wa kwanza. Ameolewa huko Ihanda. Nyie mnajua kwetu mama mzaa mama ndiye anayeogesha kichanga siku za mwanzo, anamkanda, anamnyoosha viungo. Hiyo si kazi ya kumpa mtu mwingine. Nilikwenda kwa furaha, na kanga mpya mbili, na chupa yangu ya maua mekundu nikaiacha nyumbani kwa kuona aibu. Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe.

Siku ya pili asubuhi nimekaa kwenye kigoda, beseni mbele yangu, mtoto amelala kwenye mkono wa kushoto. Mikono ikaanza. Nikajikaza, nikaubana mkono na goti. Mtoto ana sabuni mwili mzima. Akaniponyoka akaingia majini uso chini.

Binti yangu alimdaka kabla sijajua nifanye nini. Mtoto alikohoa, akalia, alikuwa mzima. Namshukuru Mungu kila siku kwa kilio kile. Binti yangu akamfunga kwenye kanga, akanitazama, wala hakupiga kelele. Alisema, "Mama, nakupenda. Lakini mwanangu hutamshika tena."

Nisameheni kidogo. Nikifika hapa huwa nasimama.

Haya. Nilirudi nyumbani nikamwambia mzee wangu kila kitu. Mnamjua mzee wangu, maneno yake kwa siku hayajai kiganja. Alisema, "Tutafute dawa." Tukatafuta. Shangazi yangu anayekaa Kaisho akatuletea unga wa mizizi, ukinywa unatapika mpaka uone nyota, pombe utaichukia. Nilitapika kweli. Jioni nikanywa gongo kuondoa ladha ya mizizi. Mwingine akasema dawa ya ulevi haipo Kagera, iko kwenye soba hausi za miji mikubwa huko mbali, unafungiwa miezi mingi. Mzee wangu akaenda zizini akamtazama yule mtamba wetu mweusi kwa muda mrefu, nikajua anawaza kumuuza. Ng'ombe wenyewe tunao wawili. Nikasema siwezi. Siwezi kumpeleka ng'ombe wetu mnadani kwa sababu ya ulimi wangu.

Kumbe tulitafuta kila mahali isipokuwa mlangoni kwetu. Hakuna aliyetuambia nendeni zahanati, kwa sababu kichwani mwetu zahanati ni ya malaria na wajawazito. Pombe ni tabia. Nani apeleke tabia zahanati?

Nikaamua kuacha mwenyewe. Nilimwaga chupa, nikapiga magoti, nikamwahidi Mungu. Sikilizeni hapa vizuri, nyie wenye watu nyumbani, maana hapa nusura nife. Siku ya kwanza nilitetemeka na kutoka jasho mpaka godoro likalowa. Siku ya pili niliona siafu wanapanda ukutani, namwita mzee wangu awafagie, naye anafagia ukuta mtupu kwa upole ili nitulie. Ndiyo, alifagia. Mungu ambariki. Kesho yake nilikuwa nageuza kahawa uani, nikaanguka kwenye mkeka nikapigapiga miguu, povu mdomoni. Majirani wakasema kifafa, wengine wakasema ni pepo la pombe limekasirika kwa kuachwa. Mzee wangu hakusikiliza mtu. Alininyanyua mwenyewe, akaita bodaboda, tukapanda mshikaki, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia mbele ya watu wote. Tulikuwa hatujakumbatiana mchana tangu tuoane.

Pale zahanati, daktari akauliza, "Mama anakunywa pombe?" Nilikuwa nimezinduka. Nikasema, "Hapana, daktari, naonja tu."

Basi mzee wangu, ambaye hasemi, akasema. "Daktari, mke wangu anaonja tangu alfajiri mpaka jioni. Ameonja miaka kumi na miwili. Juzi ameacha ghafla. Nakuomba umsaidie, nyumba yangu haina mtu mwingine."

Nilimchukia pale pale. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini ndugu zangu, sentensi ile ndiyo iliyoniponya. Daktari alielewa mara moja. Akasema mwili uliozoea pombe kila siku, ukiacha ghafla unaweza kupata kifafa, hata kufa, na anayeacha anahitaji kusimamiwa na dawa. Akaandika barua, nikapelekwa hospitali siku ile ile. Nililazwa siku sita. Wakanitundikia maji, wakanichoma sindano za vitamini, wakanipa vidonge vya kutuliza wakavipunguza kidogo kidogo.

Siku ya nne akaja nesi wa afya ya akili, mdogo kuliko binti yangu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akavuta kiti. "Mama, kabla ya kuanguka mlikuwa mnatafuta matibabu wapi?" Nikamhadithia mizizi ya Kaisho na soba hausi. Alicheka kwa huruma. "Waitu, mama! Sisi tuko hapa kila wiki. Wagonjwa wa pombe tunao kila kliniki. Kama mngeuliza zahanati yenu tu, wangewaelekeza kwetu."

Nikamuuliza kliniki yenyewe iko wapi. Akanionyesha kwa dirisha lile benchi refu, mwisho kabisa wa jengo. Nyie mnalijua. Tangu utoto tunaliita benchi la vichaa. Nikamwambia, "Mwanangu, pale siketi. Kanoni nzima itajua." Akasema, "Mama, umeniambia mtoto alikuponyoka. Kanoni nzima ikijua umekaa kwenye benchi, nani ataumia?" Basi nikakubali. Alikuwa na mdomo yule msichana, nampenda sana.

Wiki iliyofuata nikaenda. Nimejitanda kanga mpaka puani, naonekana macho tu. Nikafika kwenye benchi, nikakaa pembeni kabisa, nikainamisha kichwa. Mtu wa pili kutoka kwangu akaanza kucheka taratibu. "Mama, umekuja kutuonjesha?"

Niliinua kichwa. Alikuwa mteja wangu! Mteja wangu mkubwa wa miaka na miaka, jina silitaji, mwenyewe anajijua na amekaa pale anajifanya anatafuta kitabu cha nyimbo. Aliacha kuja kwangu ghafla, na mimi nilimtangaza mji mzima kwamba amehamia kilabu cha ng'ambo, hana shukrani. Kumbe kila Jumatano alikuwa anakwenda kwenye benchi lile! Nyumbani alikuwa anaaga anakwenda kumwona shemeji yake.

Nilicheka mpaka kanga ikaanguka. Kisha nikalia. Akasogea akaniambia, "Usiogope, dada. Humu hakuna kichaa, labda mimi kidogo." Tangu siku ile tukawa tunakwenda pamoja, tunachangia bodaboda. Ndani ya kliniki tunaongea na nesi, na baadaye tunakaa kikundi, watu kumi hivi, kuna mwalimu, kuna kibarua mwenzetu wa asili ya Burundi, kuna kijana aliyekuwa anavuta bangi. Kila mmoja anasema wiki yake ilivyokuwa. Hakuna anayehubiriwa.

Je, sikuanguka tena? Nilianguka, sitaki kuwadanganya mbele ya msalaba. Mwezi wa tano kwenye harusi ya ndugu, mama mmoja akanijia na kata. "Wewe ndiye ulimi wetu, onja tu utuambie kama imeiva." Nilionja. Ilikuwa imeiva. Nilirudi nyumbani siku ya pili yake. Jumatano sikutaka kwenda kliniki kwa aibu, yule mteja wangu akaja na bodaboda mpaka mlangoni, akasema hatoki. Nilipofika, nesi hakunigombeza. Alisema, "Karibu mama, tulikuwa tunakusubiri." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikuwa nimejiandaa kwa karibu.

Tangu siku hiyo mavuno mawili ya kahawa yamepita, sijaonja. Mtumbwi wa mama upo. Nilitaka kuupasua kuni, mzee wangu akakataa, akasema kosa si la gogo. Sasa tunakamua mramba tu, tunauza siku ile ile ukiwa mtamu, ukilala ni wa nguruwe. Anayeonja ni yeye. Hajui kuonja hata kidogo! Kila mramba kwake ni mzuri. Wateja wananilalamikia, nawaambia vumilieni, ndiyo ndoa yangu hiyo.

Nawashukuru. Namshukuru daktari wa zahanati na yule mwanangu wa benchi la mwisho. Nakushukuru wewe unayetafuta kitabu cha nyimbo, nisamehe nilikutangaza. Nawashukuru akina mama wa usharika mliokuja kunilimia migomba nilipolazwa, hamkuniuliza kitu. Na mzee wangu, amekaa nyuma kabisa kama kawaida yake. Mzee, ulisema ukweli wangu niliposhindwa kuusema. Nakupenda, na nalisema hilo mchana.

Kama una mtu nyumbani, au kama mtu huyo ni wewe, usimfungie ndani aache kwa nguvu, na usiende kutafuta mbali kabla hujauliza karibu. Nenda zahanati ya kwenu. Sema wazi unakunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Usiseme unaonja. Na ukiona aibu kukaa kwenye benchi lile, nitafute, tutakwenda wote, mimi nimelizoea.

Namalizia, Mchungaji, naona unatazama saa. Binti yangu amejifungua tena Alhamisi, mtoto wa kiume. Nilipeleka ndizi na maziwa, nikakaa mbali na kitanda, sikuomba kitu. Miaka yote hii hajawahi kunipa mtoto mikononi, na sikumlaumu. Leo alfajiri simu ikaita. Nikadhani kuna msiba. Akasema, "Mama, umeamka vizuri? Ukitoka kanisani upitie hapa. Mtoto hajaogeshwa."

Nikamwambia, mwanangu, una hakika? Akasema, "Mama, njoo. Nimeshanunua beseni."

Kwa hiyo mniwie radhi, sitakaa kula nanyi. Tazameni mikono yangu. Hata wewe nyuma, mzee, tazama. Imetulia. Bodaboda ananingoja pale nje, na maji ya mtoto yapo jikoni.