Marlys Haapala na Sauti Zisizobisha Hodi

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Marlys Haapala ataosha brashi zake kwa mara ya mwisho katika karakana ya ukumbi wetu wa maonyesho hapa Duluth, baada ya miaka thelathini na miezi saba ya kupaka mandhari ya jukwaani. Amepaka misitu, makasri, jela mbili, na jiko moja lililofanana mno na la marehemu mama yangu hadi nikasikia njaa. Mimi, Denny Skoglund, seremala, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa kuwa hakuna aliyemharibia kazi mara nyingi kama mimi.

Marlys ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti ambazo wengine hatuzisikii. Ameniagiza mwenyewe niliseme hili mapema, "watu wasije wakadhani ni siri." Alipoajiriwa Oktoba 1994 alikuwa na miaka thelathini na mitano, na alikuwa ametoka hospitali mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Wiki yake ya kwanza aligeuka ghafla akamuuliza mkuu wa karakana, Roland Beaudry: "Umesema kitu, au ni wale wengine?"

"Mimi sijasema," Roland akajibu. "Wale wengine wanasemaje?"

"Wanasema bluu hii mbaya."

Roland, aliyeichanganya bluu hiyo kwa mikono yake, akaitazama. "Basi wana macho. Mbaya kweli."

Siku hiyohiyo sheria ikapitishwa: anayetaka kusema na Marlys akiwa nyuma yake, agonge mbao mara mbili kwanza. Sauti isiyobisha hodi haina haki ya kujibiwa. Tulizoea hata tukaipeleka majumbani; mke wangu amechoka kugongewa meza kila ninapotaka chumvi. Na ni mimi niliyegonga lango la kasri saa moja kabla ya pazia kufunguliwa, rangi ikiwa mbichi, alama za vidole zikabaki katikati ya lango. Marlys alinitazama kama mtu anayetazama mvua siku ya kuanika nguo. Kisha akachukua brashi ndogo akaugeuza uharibifu wangu kuwa pete ya chuma ya kubishia hodi. Watazamaji wa safu ya mbele waliisifu sana, na mimi nikapokea pongezi bila aibu.

Si miaka yote tulicheka. Dawa zilimtetemesha mikono, na kwa mtu anayechora ukuta wa matofali, hilo ni balaa. Majira ya baridi ya 2006 alianza kupunguza vidonge kimyakimya ili mistari inyooke. Ikanyooka. Tukamsifu, Mungu atusamehe. Wiki ya tano tukamsikia akiwajibu watu ambao hawakubisha hodi. Dada yake, Carol, alimpeleka hospitali, akalazwa wiki kumi na moja. Carol alitueleza kwamba hofu kubwa ya Marlys haikuwa ugonjwa, kwa kuwa huo alikuwa anaujua. Aliogopa kwamba akirudi atakuta mtu mwingine amesimama mahali pake.

Roland hakuajiri mtu. Tulipaka wenyewe, maseremala na mafundi wa taa, na picha za onyesho lile naomba zisitafutwe. Aprili, Marlys akaingia mlangoni, amekonda, koti limempwaya, akasimama mbele ya anga nililolipaka mimi. Akalitazama kwa makini.

"Nani amemwaga uji hapa?"

Sijawahi kufurahia tusi kiasi kile. Nilikwenda nyuma ya rundo la mbao nikalia, na nikamkuta Roland ameshatangulia.

Daktari wake alibadilisha dawa polepole, kwa miezi mingi, na Marlys akakubali kwamba mtetemo kidogo utabaki. Tukagawana kazi: matofali yakawa yangu, misitu ikawa yake. "Mkono hautulii, majani nayo hayatulii," alisema. "Tutaelewana." Tangu hapo miti yake imekuwa na uhai ambao haikuwa nao zamani; watoto wa shule huapa kwamba wameyaona majani yakipepea. Hajalazwa tena, mwaka wa kumi na tisa huu. Sauti bado humjia, hasa Februari, naye huziacha zisubiri huku yeye akimalizia tawi.

Wengine wanamjua kwa darasa la Jumatatu, katika chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, anapofundisha uchoraji watu waliotoka hospitali karibuni. Sheria ya darasa ni moja: "Dawa kwanza, rangi baadaye." Mwaka wa kwanza walikuja wawili, na mmoja wao alikuja kulala. Leo ni ishirini na wawili, na kila vuli kazi zao hujaza ukuta wa maktaba. Darasa linaendelea, kwa hiyo Jumatatu asitafutwe na mtu.

Wiki iliyopita alijaza fomu ya kuondoka kazini, nami nilikuwa kando yake na kahawa yangu. Kabla ya kuja kwetu Marlys alikuwa amepoteza kazi nne, na katika kila fomu, penye sababu ya kuondoka, paliandikwa neno lilelile: ugonjwa. Safari hii alikaa na kalamu muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: UMRI. Akalisoma kwa sauti, akalisoma tena.

"Denny, nimezeeka tu!" akasema, anacheka huku machozi yanamtiririka. "Nimezeeka kama watu wote!"

Hongera kwa kuzeeka, Marlys. Asante kwa kila mti. Tunakuombea miaka mingi ya kuufaidi uzee huo, maana umeutolea jasho.