Mkataba Uliounganisha Mitandao Yetu Miwili

Asalaamu alaikumu, mama zangu na dada zangu wa chama. Mmeniomba nieleze jinsi biashara ya intaneti aliyoniachia marehemu mume wangu ilivyokaribia kufa, na jinsi ilivyopona. Alhamdulillahi, leo naweza kuyasema bila kulia.

Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tuko wawili tunaowauzia watu intaneti: mimi na jirani wa ng'ambo ya barabara. Marehemu na jirani huyo walielekezeana antena juu ya mapaa yao, ili mteja wa huku akimtumia ujumbe mteja wa kule, uvuke barabara moja kwa moja. Walikubaliana kwa mdomo, baada ya futari. Hawakuandika neno.

Mume wangu alifariki tarehe tatu Mfungo Pili, nikakaa eda. Mfungo Nne ulipoandama, jirani aliezua paa lake ili aliezeke upya, akaishusha antena, asiirudishe. Nami sikuweza kutoka kwenda kumwuliza.

Ndugu zangu, nawaambia, nilionja uchungu. Kituo cha afya ni mteja wangu. Daktari wanayemtegemea ni mteja wa jirani. Picha ya jeraha waliyomtumia ilisafiri hadi Maputo, kusini kabisa, ndipo irudi Palma! Na laini ya kusini ilipokatika upande wa Awasse, haikufika kabisa. Kituo kikaniarifu kwamba kitahama. Kikihama, nafunga.

Nilitoka eda tarehe kumi na tatu Mfungo Sita, siku moja baada ya Maulidi. Siku hiyo hiyo nikabisha hodi kwa jirani, mkononi nina mkataba niliouandika.

"Shemeji," akasema, "mimi niliahidiana na marehemu."

"Basi sasa ahidiana na mtandao wake."

Alipoona karatasi akacheka. "Nimekula naye sinia moja, leo waniletea hati kama serikali?"

"Sinia huliwa na watu, shemeji. Antena hazili."

Mimi niliyeanza shule nikiwa na wajukuu nilimsomea kila kifungu. Kila mmoja apokee ujumbe wa wateja wa mwenzake bila malipo. Intaneti ya nje kila mtu ajitegemee. Asikate mtu pasipo kutoa taarifa mapema. Na mmoja akifa, mrithi aendelee.

Hapo akaivuta karatasi. "Hata mke wangu hajui nywila za mitambo," akasema. Akatia saini, na antena ikarudi juu ya paa.

Mwezi uliofuata laini ya kusini ikakatika tena. Nilikuwa nimeketi mbele ya mitambo, simu ilipolia. Alikuwa muuguzi wa kituo: "Mama, Maputo haipatikani, hata Pemba hapa jimboni haipatikani, lakini daktari tunaye hapa, anaiona picha!"

Jamani, nilipumua. Kituo hakikuhama.

Namshukuru jirani, aliyekubali kuandika na mwanamke. Namshukuru mwalimu wangu wa elimu ya watu wazima. Nawashukuru ninyi mlionijia edani mkinitia moyo. Nendeni mkawaambie waume zenu, leo hii, wangali hai na wangali wanapendana na jirani zao: waandikiane.