Mfarishi Uliofunika Jeneza Hili

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la babu. Alikuwa wa mwisho kati ya mabinti watatu. Dada yake mkubwa alidarizi, wa kati alishona magauni, naye aliokota pini.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965. Mwaka uliofuata alishona mfarishi wake wa kwanza, shuka zito la viraka. Dada yake mkubwa aliufumua kwa wembe mbele ya wateja.

"Kitambaa hiki ni cha kudekia," alisema. Na kweli, alikidekia mwaka mzima.  Marehemu aliweka moyoni, na mama akiweka kitu moyoni hakitoki.

Mwaka 1970 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, kushona mashuka yaliyochanika. Mshona magodoro wa pale alimfundisha kukata viraka kwa kipimo na kupitisha uzi mpaka kitambaa, pamba na bitana vishikane. Kila Jumamosi alirudi dukani kufagia chini ya meza ya kukatia. Dada zake walidhani amenyenyekea. Kumbe aliokota walichoharibu akakishone kwenye mfarishi mpya, maana katika familia yetu kazi iliyoharibika hutupwa chini ya meza na haitajwi tena.

Tarehe 14 Agosti 1974 aliolewa na fundi baiskeli, baba yetu, ambaye alimuuliza mfarishi ule utaisha lini.

"Wakiacha kukosea," alimjibu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Kiraka cha mwisho alikitia akiwa wodini, akafariki tarehe 9 Mei 2024, saa tatu asubuhi.

Mfarishi wenyewe ndio huu mnaouona juu ya jeneza. Kola iliyopinda ni ya 1971. Mikono miwili, yote ya kushoto, ni ya gauni la bibi harusi wa 1983. Ua lililodariziwa kichwa chini ni la 1990. Na pale katikati, kimefuliwa kikatakata, ni kile kitambaa cha kudekia. Mshono wake hauna mfano katika ukoo huu, na tunaomba walioketi mstari wa mbele wasogee wautazame vizuri.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na dada zake wawili. Aliagiza mfarishi usizikwe naye.

"Mpeni dada yangu mkubwa," alisema. "Mwambieni ajifunike."

Mama mkubwa, tutakuletea leo jioni. Mama apumzike kwa amani, kazi yake imekwisha.