Mama Rufaa: Dada Yetu Aliyekataa Barua za Kupiga Magoti

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kazi ya kumsema dada yangu, jambo ambalo hakuniruhusu hata mara moja akiwa hai. Mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa karani wa reli na mshona nguo. Sisi wadogo zake tulioga kwa amri yake na kulala kwa amri yake.

Alisoma vizuri, akaingia chuo cha biashara mwaka 1977. Akiwa mwaka wa pili, baba alipunguzwa kazini. Chuo kilimnyima dada ufadhili kwa sababu kilitazama mshahara wa mwaka uliopita, mshahara ambao haukuwepo tena. Nafasi ya kukata rufaa ilikuwepo, lakini baba aliona haya, akaandika kwamba yeye bado ni karani. Rufaa ikagonga mwamba. Dada akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia mama kushona, na hakumlaumu baba hata siku moja. Baadaye alirudi chuoni, akamaliza mwaka 1981.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya ufadhili ya chuo hicho, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2017. Huko alikuta kosa la baba katika familia nyingi. Watu walileta kurasa za "kwa unyenyekevu mkubwa" bila mstari mmoja unaosema kazi imekwisha. Basi mzazi akiketi, dada aliweka kalamu pembeni.

"Niambie kwanza kwa mdomo. Mwaka jana mlikuwa mnaishije, na sasa hivi mnaishije?"

Yaliyosemwa ndiyo yaliyoandikwa, na uthibitisho wa mwajiri ukaambatanishwa. Alipostaafu, kazi hiyo ilihamia sebuleni kwake. Ndipo watu wakaanza kumwita Mama Rufaa.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na mpiga chapa aliyefika ofisini kumtetea mdogo wake. Barua ya shemeji ilirudishwa tena na tena kwa sababu alijisifu mno.

"Nilikuwa najisifu kwake, si kwa chuo," hujitetea mpaka leo.

Mdogo mtu alipata ufadhili, shemeji akapata mke.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Wakati huo kiwanda alikokuwa akifanya kazi jirani yetu, fundi mitambo, kilikuwa kimefungwa. Kila asubuhi fundi alivaa ovaroli na kutoka, majirani wasijue. Binti yake, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa amenyimwa ufadhili, na bila huo masomo yangeishia hapo. Hata kwenye rasimu ya rufaa baba mtu alijiandika "fundi mkuu".

Nilikuwepo wodini siku yeye na mkewe walipomletea dada rasimu hiyo. Dada aliisoma, akavua miwani.

"Baba, kazi ndiyo imekwisha. Wewe bado upo. Haya, sema."

Fundi alilia, kisha akasema yote, mkewe akaandika. Mimi nilitazama dirishani, maana nilikuwa namkumbuka baba yetu.

Rufaa ilikubaliwa mwezi Julai. Fundi alileta habari mwenyewe, akiwa amevaa shati la kawaida. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kulikoni. Hali yake ilibadilika mwezi uliofuata, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na wanafunzi wengi ambao karatasi hii isingewatosha. Fundi na mkewe wako hapa mbele. Binti yao hayupo, na asilaumiwe. Aliomba ruhusa aje, lakini marehemu alikuwa ameshatuachia agizo: "Nikizikwa siku ya mtihani, asithubutu kuja."

Pumzika kwa amani, dada. Mtoto yuko kwenye mtihani.